Cheti cha pumu hakina tena pampu ya bluu peke yake: tuwaelezeje wagonjwa?

DadaWaFamasi (Arusha)

Wakuu, habari za kazi. Naomba wenye uzoefu wa magonjwa ya kifua wanisaidie.

Duka letu lipo Ngarenaro. Ndani ya wiki moja vinaweza kuingia vyeti vitatu vya pumu visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza kinataka vidonge vya salbutamoli miligramu 4 mara tatu kwa siku pamoja na aminofilini. Cha pili ni pampu ya bluu (ya salbutamoli) na pampu ya kahawia ya beklometasoni. Cha tatu kina pampu moja tu, mchanganyiko wa budesonidi (steroidi) na fomoteroli (ya kufungua mirija) 200/6, yaani mikrogramu za kila moja, na maelezo yake ni "vuta 1 ukibanwa". Bluu haipo kabisa.

Mwenye cheti cha tatu ndiye anayegoma. Miaka yote ameambiwa pampu ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) haifungui kifua, ni ya asubuhi na jioni, na leo daktari anamwambia aivute akibanwa. Wazee wanasema madaktari wa siku hizi wanabahatisha.

Ninachoomba ni hiki. Nini kimebadilika, na kwa nini? Mchanganyiko huo usipopatikana, naweza kutoa mchanganyiko mwingine wenye steroidi? Na yule anayekuja kila mwezi kununua bluu bila cheti, nimwambie nini ambacho hakitamfanya ahamie duka la jirani?

Kifua_Moshi

Dada, mgonjwa wako anayegoma ana hoja. Alichofundishwa kilikuwa sahihi kwa dawa alizokuwa nazo. Dawa iliyomo ndani ya pampu imebadilika, na uelewa wetu wa kinachoua katika pumu umebadilika pia.

Kwa zaidi ya nusu karne tiba ililenga msuli. Mirija ya hewa imezungukwa na misuli laini; ikijikaza mtu anabanwa, ikilegea anapumua. Adrenalini ya sindano ilianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, efedrini ikafuata miaka ya 1920, kisha theofilini, ambayo aminofilini yako ni aina yake. Hata moshi wa majani ya mnanaha uliwahi kuandikwa na madaktari wa Ulaya, kwa kuwa mmea huo una atropini inayolegeza mirija. Nalitaja hili kwa sababu mnanaha unaota ovyo na bado kuna wanaoshauriana kuutumia. Ni sumu. Dozi ya jani haipimiki, na atropini ikizidi inaleta kuchanganyikiwa, moyo kwenda mbio na hata kifo.

Mwaka 1956 ikatoka pampu ya kwanza ya gesi yenye kupima dozi. Dawa ya kufungua mirija ikawa mfukoni mwa mgonjwa. Miaka ya 1960 vifo vya pumu vikapanda Uingereza, Australia na New Zealand, na pampu za isoprenalini (dawa ya awali ya kufungua mirija) yenye nguvu kubwa zikahusishwa. Salbutamoli ikaingia sokoni mwaka 1969 ikiwa na madhara madogo zaidi kwa moyo. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 New Zealand wakapata wimbi jingine la vifo, safari hii likihusishwa na fenoteroli, dawa nyingine ya kufungua mirija. Sehemu ya maelezo ni ile tunayoiona hata hapa Moshi: mgonjwa anapata nafuu ndani ya dakika chache, anaahirisha hospitali, kesho anavuta zaidi, na uvimbe ndani ya mirija unaendelea kukua bila kuguswa.

Steroidi ya kuvuta, beklometasoni, ilikuwepo tangu 1972, ila kwa miaka mingi ilitunzwa kwa waliozidiwa. Baadaye, madaktari walipochukua vipande vidogo vya ukuta wa mirija kwa kutumia kamera, walikuta uvimbe hata kwa watu wenye pumu nyepesi. Hapo fikra ikageuka: kujikaza kwa msuli ni matokeo, uvimbe ndio ugonjwa. Mpango wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA ulianzishwa mwaka 1993, na matibabu yakapangwa kwa ngazi.

Kasoro ilibaki kwenye ngazi ya kwanza. Mgonjwa mwenye dalili chache alipewa bluu peke yake. Akaipenda, kwa sababu anaona inafanya kazi. Miezi kadhaa baadaye tunamwambia sasa ongeza kahawia kila siku, dawa ambayo hasikii tofauti yoyote akiivuta. Anaiacha. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba bluu ndiyo dawa.

Wakati huohuo ushahidi ulikuwa unajikusanya. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alitumia ndani ya mwaka liliendana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa pumu kwa asilimia 21, hata kwa dozi ndogo. Na bluu ikitumika kila siku, hata kwa wiki moja au mbili tu, vipokezi vyake (sehemu ambazo dawa hushika) kwenye misuli hupungua, nguvu ya kufungua hushuka, na mirija huwa miepesi zaidi kushtuka kwa vumbi au baridi.

Sasa fomoteroli. Inafungua mirija ndani ya dakika chache kama salbutamoli, halafu inadumu kama saa 12. Ukiiweka ndani ya pampu moja na budesonidi, mgonjwa hawezi kutafuta nafuu bila kuvuta na dawa ya uvimbe. Mwaka 2018 matokeo ya tafiti zilizoitwa SYGMA yalitoka: kwa wenye pumu nyepesi, mchanganyiko huo ukivutwa wakati wa kubanwa tu ulipunguza mashambulio makali kwa asilimia 64 ukilinganisha na dawa ya kufungua mirija peke yake. Mwaka 2019 GINA wakasema wazi kwamba mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea asitibiwe kwa bluu pekee.

Mwambie mgonjwa wako hivi: "Ukibanwa, mirija imejikaza na imevimba. Bluu inashughulika na kujikaza. Hii inashughulika na vyote viwili kwa mvuto mmoja." Mwenye pumu nyepesi anavuta 1 akibanwa, anasubiri dakika chache, akiona bado anarudia. Mwenye dalili nyingi zaidi anapewa 1 asubuhi na 1 jioni, wengine 2 na 2, na anavuta hiyohiyo akibanwa katikati. Jumla ya siku isizidi mivuto 12 ya 200/6. Anayekaribia hapo aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Mfamasia_Majengo

Naunga mkono Daktari. Naongeza ya kaunta, kwa maana hapo ndipo cheti kizuri kinaharibikia.

Kubadilisha mchanganyiko: usifanye bila kumpigia mwandishi wa cheti. Mchanganyiko unaouzwa sana ambao unaweza kuonekana kama mbadala ni flutikasoni (steroidi) na salmeteroli (ya kufungua mirija). Ni dawa nzuri kwa asubuhi na jioni, lakini salmeteroli inachelewa kufungua, kwa hiyo haifai kuwa ya kuokoa. Mgonjwa akipewa hiyo na maelezo ya "vuta ukibanwa", atavuta, atasubiri, hataona kitu, atavuta tena na tena. Anayetumia hiyo lazima awe na bluu pembeni. Na salmeteroli au fomoteroli ikija peke yake bila steroidi kwa mwenye pumu, usiitoe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliona vifo zaidi vya pumu kwa waliopewa salmeteroli juu ya matibabu yao ya kawaida, na wengi katika utafiti ule hawakuwa kwenye steroidi ya kuvuta.

Namba za boksi nazo zinachanganya. 200/6 na 160/4.5 ni nguvu ileile: ya kwanza inahesabu dawa inayopimwa ndani ya kifaa, ya pili inayotoka mdomoni mwa kifaa. Usimrudishe mgonjwa kwa tofauti hiyo. Ila 400/12, ambayo ndiyo 320/9, si ya kuvuta kila ukibanwa. Hiyo ni ya ratiba tu.

Angalia pia kama ni pampu ya gesi au ya unga. Ya gesi inavutwa polepole na kwa kina. Ya unga inavutwa kwa nguvu na kwa kasi tangu mwanzo, kwa sababu pumzi ya mgonjwa ndiyo inayonyanyua unga. Na asipumulie ndani yake, unyevu unaugandisha. Mtu aliyezoea gesi akihamia kwenye unga bila kuonyeshwa, atavuta taratibu na dawa itabaki kwenye kifaa. Dakika tatu za kumwonyesha zina thamani kuliko cheti chenyewe.

Mchanganyiko ukikosekana kabisa mjini, daktari anaweza kuandika bluu na kahawia kwa mtindo mwingine unaokubalika: kila anapovuta bluu, avute na kahawia papo hapo. Hii imefanyiwa tafiti kwa watu wazima na watoto. Au kahawia kila siku kwa dozi ndogo, ambayo kwa mtu mzima ni mikrogramu 200 hadi 500 za beklometasoni ya kawaida kwa siku, na bluu akibanwa. Kwa kituo kisicho na mchanganyiko, hiki ndicho cheti cha kuombwa. Usimwache na bluu tupu ukisubiri mzigo kutoka Dar.

Vidonge vya salbutamoli: mpulizo mmoja wa bluu ni mikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40, na kinapita tumboni na kwenye damu yote kwanza. Ndiyo maana mikono inatetemeka, moyo unadunda, na kifua kinachelewa kufunguka. Aminofilini na theofilini zina mwanya mdogo sana kati ya kusaidia na kudhuru. Mgonjwa aliye kwenye aminofilini akija na cheti cha erithromisini au siprofloksasini, simama hapohapo. Hizo zinapandisha kiwango chake kwenye damu, na matokeo ni kutapika, moyo kuruka mapigo, hata degedege. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inakishusha.

Na jambo ambalo wengi hawaliulizi: mgonjwa anayetumia dawa za VVU za mstari wa pili zenye ritonaviri. Flutikasoni au budesonidi inarundikana mwilini mwake kwa sababu ritonaviri inazuia ini kuivunja. Uso unavimba, sukari inapanda, tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili zinalala. Beklometasoni haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Muulize kwa faragha, si mbele ya foleni.

Kuhusu mteja wa bluu ya kila mwezi, usimnyime. Kumnyima mtu dawa ya kuokoa usiku wa baridi ni kumweka hatarini. Fanya hesabu mbele yake. Kopo lina mipulizo 200. Likiisha kwa mwezi, ni mipulizo 6 hadi 7 kila siku. Makopo 3 au zaidi kwa mwaka yanaendana na hatari kubwa ya shambulio, na 12 au zaidi na hatari ya kufa. Andika tarehe ya kununua kwenye boksi kwa kalamu, na akirudi muonyeshe ile ya mwezi uliopita. Wengi hawajawahi kuiona hesabu hiyo imeandikwa. Ukishamwonyesha, mwelekeze kliniki.

NesiWatoto_Moshi

Naomba nizungumzie watoto, maana wamesahauliwa.

Kwanza utambuzi. Mtoto chini ya miaka 5 anayepumua kwa kasi na kifua kinatoa mluzi mara nyingi anaandikiwa dawa ya nimonia, na wiki mbili baadaye nyingine. Mwongozo wa matibabu ya watoto wagonjwa unasema mwenye mluzi na kupumua kwa kasi, ambaye hana dalili za hatari, apewe kwanza dawa ya kufungua mirija, hadi mara tatu kwa nafasi ya dakika 15 hadi 20, kisha uhesabu pumzi upya kwa dakika nzima. Kasi ni pumzi 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa mwaka 1 hadi 5. Wengi wanashuka chini ya namba hiyo na hawahitaji antibayotiki.

Pili, pampu bila chupa (kifaa cha kati kinachoshika dawa kabla mtoto hajaivuta) kwa mtoto ni kupoteza dawa. Inagonga ulimi na koo. Chupa ya kununua ni nzuri, lakini chupa ya maji ya mililita 500 inatosha. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha, na chupa iliyozibwa vizuri ikafanya kazi sawa na ya kiwandani. Kikombe cha povu hakikufua dafu.

Namna ya kuitengeneza: chukua chupa safi, kavu, isiyo na nyufa. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, uchore mzunguko wake kwa kalamu. Pasha waya uliokunjwa kwa umbo hilohilo, uuchomeke kwenye plastiki mpaka tundu litoke. Ukikata kwa kisu, tundu huwa kubwa na hewa inavuja, na hilo ndilo kosa la kawaida. Ingiza mdomo wa pampu, zungushia gundi au plasta mpaka pasipite hewa. Mdomo wa chupa ndio mdomo wa mtoto.

Kabla ya kutumia, ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo kidogo, usisuuze, usifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Ukiisugua, plastiki inapata chaji ya umeme na dawa inanata ukutani badala ya kwenda kifuani. Ioshe hivyo mara moja kwa wiki au zaidi.

Kuvuta: tikisa pampu. Mtoto akae wima, afunge midomo kuzunguka chupa. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi kawaida mara 5. Subiri nusu dakika, tikisa tena, bonyeza ya pili. Wazazi wengi hubonyeza mara mbili au tatu kwa mkupuo. Matone yanagongana, yanakua makubwa, yanaanguka kwenye chupa. Asiyeweza kufunga midomo, hasa chini ya miaka 4, anahitaji barakoa inayoshika usoni bila mwanya, kwa hiyo huyo apewe ile ya kununua. Dawa ya steroidi ikishavutwa, suuza mdomo na uteme. Ukisahau kila siku, utando mweupe wa fangasi unaota kwenye ulimi. Aliyetumia barakoa afutwe na uso.

Pampu moja kwa kila kitu (ya budesonidi na fomoteroli) inaingia kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 pia, ila kwa nguvu ndogo: 100/6, mvuto 1 kwa siku na 1 akibanwa, isizidi 8 kwa siku. Chini ya miaka 6 haitumiki hivyo; hao ni bluu kwa chupa wakibanwa, na kahawia kila siku kwa wale wanaosumbuliwa mara kwa mara.

Wazazi wanaogopa kwamba steroidi inadumaza. Wajibiwe kwa ukweli, wasitulizwe kwa maneno matupu. Watoto wa Marekani waliovuta budesonidi mikrogramu 400 kwa siku kwa miaka 4 hadi 6, walipofika utu uzima walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 kwa wastani kuliko wenzao. Dozi ya kawaida ya mtoto ni ndogo kuliko hiyo. Na pumu isiyotibiwa, ikifuatana na vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza) mara kwa mara, inamuumiza zaidi.

Tabibu_Hai

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Sisi kwenye kituo cha afya tunapokea waliozidiwa, na kilichopo ni aminofilini ya mshipa, haidrokotisoni (steroidi ya sindano), prednisoloni na pampu za bluu. Mashine ya mvuke ipo ila umeme ukikatika haina kazi. Hapo mabadiliko haya yanatufikiaje?

Kifua_Moshi

Marahaba. Yanakufikia vizuri, na kituo chako kina karibu kila kinachohitajika.

Mashine ya mvuke si lazima. Bluu kwa chupa ya plastiki inafanya kazi sawa nayo kwa shambulio dogo na la kati. Mtu mzima: mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Prednisoloni miligramu 40 hadi 50 ya kumeza mapema, ndani ya saa hiyo, maana inachukua saa kadhaa kuanza kazi. Mtoto miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, isizidi 40. Ya kumeza ni sawa na haidrokotisoni ya mshipa kwa anayeweza kumeza, hivyo sindano ibaki kwa anayetapika au aliyechoka mno. Oksijeni ukiwa nayo, lenga kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 93 hadi 95 kwa mtu mzima, 94 hadi 98 kwa mtoto.

Aminofilini ya mshipa iache. Tafiti zimeonyesha haiongezi faida juu ya bluu iliyotolewa vizuri, na madhara yake kwa moyo ni ya kweli. Asiyeitikia saa ya kwanza, magnesiamu salfeti gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 20, ukiwa tayari umeita gari la rufaa. Magnesiamu mnayo kwa ajili ya kifafa cha mimba. Antibayotiki isitolewe kwa kubanwa tu. Na dayazepamu usimpe kamwe anayehangaika kwa kukosa hewa, hata ndugu wakikusihi atulizwe. Inaweza kumzima pumzi.

Anayeshindwa kumaliza sentensi, midomo kubadilika rangi, usingizi au kuchanganyikiwa, au kifua kimenyamaza ghafla bila mluzi: huyo asafirishwe sasa, huku akiendelea kuvuta bluu njiani. Kifua kilichonyamaza kinawadanganya wengi. Mluzi umepotea kwa sababu hewa haipiti tena.

Lililobadilika zaidi kwenu ni siku ya kuruhusiwa. Zamani tulimpa prednisoloni ya siku 5 na bluu, basi. Sasa asitoke bila steroidi ya kuvuta mkononi na tarehe ya kurudi ndani ya wiki moja. Prednisoloni ya siku 5 hadi 7 haihitaji kushushwa taratibu, ila ihesabiwe kwenye kadi. Hata kozi nne au tano katika maisha ya mtu mzima zinaendana na hatari zaidi ya kisukari, mifupa kuwa laini na mtoto wa jicho. Kila kozi inaonyesha kuna kitu kwenye tiba ya kila siku hakijakaa sawa.

DadaWaFamasi (Arusha)

Asanteni sana, hasa hesabu ya kopo. Bado mawili. Mama wa makamo aliyepikia kuni maisha yake yote, anakohoa asubuhi na kubanwa akipanda mlima: huyo naye ni mchanganyiko? Na pampu zisizo na kihesabio, mteja anajuaje imeisha? Wengi wanaielea kwenye maji.

Kifua_Moshi

La mama: asipewe chochote cha kudumu kabla hajapimwa. Inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa mapafu yaliyoharibiwa na moshi, inaweza kuwa kifua kikuu au moyo. Makohozi yapimwe, na apulize kwenye kipima pumzi. Mara tatu, chukua namba iliyo kubwa, mpe bluu mipulizo 4 kwa chupa, rudia baada ya dakika 10 hadi 15. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, pumu inawezekana sana. Ikiwa inayumba asubuhi na jioni kwa wastani wa zaidi ya asilimia 10 kwa wiki mbili, vivyo hivyo. Isiposogea na amekaa na moshi miaka 30, fikiria mapafu yaliyoharibiwa na moshi, ambayo dawa zake zinapangwa tofauti.

Vilevile muulize kila mgonjwa kazi yake. Vumbi la kahawa mbichi viwandani, kupukuchua mahindi, dawa kwenye mashamba ya maua. Kama anapata nafuu Jumapili na likizo, apime pumzi mara 4 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, siku za kazi na za mapumziko, alete namba. Pampu nyingi haziwezi kushindana na vumbi analorudi kulivuta kila asubuhi.

Na aliyetulia miezi 3 anaweza kupunguziwa dozi kwa robo hadi nusu, ila si kuelekea Juni baridi inapoanza. Steroidi isikatwe yote kwa mpigo.

Mfamasia_Majengo

La kuelea: hapana. Kopo linaelea au kuzama kwa namna isiyoaminika, na maji yanaziba tundu la kutolea dawa. Kutikisa nako hakusaidii, kwani gesi inabaki baada ya dawa kuisha na mgonjwa anavuta hewa tupu akidhani ni dawa.

Kwa ya kila siku, gawanya. Mipulizo 200, akitumia 4 kwa siku, ni siku 50. Andika tarehe ya mwisho kwenye kopo siku anayonunua. Kwa ya kuvuta akibanwa, achore mstari kwenye boksi kila akibonyeza. Pampu ya gesi ikiwa mpya au imekaa zaidi ya wiki mbili, apulize hewani mara kadhaa kwanza, na hizo zihesabiwe. Ganda la plastiki la bluu lioshwe kwa maji ya uvuguvugu mara moja kwa wiki, kopo likiwa limetolewa. Unga ukiziba tundu, dozi inapungua bila mtu kujua. Pampu za mchanganyiko, soma karatasi ya ndani: baadhi hutakiwa kutupwa miezi 3 baada ya mfuko wake kufunguliwa hata kama dawa imebaki. Mkumbushe hilo hasa mwenye pumu nyepesi, maana ndiye atakayekaa nayo muda mrefu.

Na wapagazi wanaopanda Kilimanjaro na pampu: waiweke ndani ya nguo, karibu na mwili. Kopo likipoa sana mpulizo unatoka dhaifu, na huko juu hewa baridi na kavu ndiyo inayowabana.